Kuulinda Msitu wa Mikoko na Kichaka cha Asili Mtaani: Mwongozo kwa Wakazi wa Mombasa

Mwongozo huu ni kwa mkazi wa Mombasa ambaye kando ya mtaa wake kumesalia kipande cha mikoko, ufuo wanakotagia kasa au kichaka cha miti ya asili, na ambaye ameanza kuona vigingi vya wapima ardhi au kusikia kwamba pana mwekezaji anayetaka kujenga. Jambo ninalotaka kulishikilia tangu mwanzo ni moja. Pingamizi inayohesabiwa nchini Kenya ni ile iliyoandikwa, ikafikishwa katika ofisi inayohusika na kugongwa mhuri wa kupokelewa kabla leseni haijatolewa. Watu wengi hungoja tingatinga liingie ndipo wakusanyike barabarani, na kwa wakati huo uamuzi umekwisha kufanywa, faili limefungwa, na miti iliyochukua miaka mingi kukua huangushwa katika asubuhi moja. Kazi ya kuutetea msitu huanza miezi kadhaa kabla ya siku hiyo, na sehemu kubwa yake ni ya daftari, kamera ya simu, barua na subira.

Jueni kwanza ardhi ni ya nani

Kabla ya kutoa kauli yoyote hadharani, tafuteni hadhi ya ardhi yenyewe, kwa sababu njia ya kuitetea ardhi ya umma si sawa na njia ya kuitetea ardhi ya mtu binafsi. Katiba ya mwaka 2010 inaigawa ardhi katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya binafsi. Ibara ya 62 inaweka katika ardhi ya umma misitu ya serikali, na vilevile ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Kwa mji uliozungukwa na bahari na kukatwa na hori za Tudor, Port Reitz na Mtwapa, kifungu hicho kina uzito mkubwa.

Misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932, na leo inasimamiwa na Huduma ya Misitu, KFS. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inataka ombi lolote la kubadilisha mipaka ya msitu wa umma lipitie Bunge la Taifa. Kwa hiyo mtu akiwaonyesha hatimiliki ya kiwanja kilicho ndani ya mikoko, msiichukulie kuwa ndiyo neno la mwisho. Ibara ya 40 ya Katiba, inayolinda mali, inasema wazi kwamba ulinzi huo haumfikii mtu aliyeipata mali hiyo kinyume cha sheria. Chukueni nambari ya kiwanja, ambayo mara nyingi huwa kwenye bango la mradi au katika tangazo la gazeti, mkafanye sachi, yaani upekuzi wa rekodi za umiliki, katika masjala ya ardhi, kisha mwulize afisa wa KFS wa kaunti kwa barua, si kwa simu, kama kiwanja hicho kimo ndani ya mipaka ya hifadhi.

Msitu ukiwa wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, mlango mwingine hufunguka. Kaya nyingi za Wamijikenda zimetangazwa kuwa turathi za kitaifa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na mwaka 2008 baadhi yake ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Turathi za Dunia. Katika jambo la kaya, wazee wa kaya ndio wenye kauli ya kwanza. Kundi la wakazi linapaswa kuwafuata na kuwasaidia kuandika, wala lisiwatangulie.

Ardhi ikiwa ya mtu binafsi kwa hati isiyo na dosari, semeni ukweli huo kati yenu mapema. Mwenye ardhi ana haki ya kuitumia, na hamtaweza kuzuia kila jengo. Hata hivyo sheria ya mazingira humfunga yeye pia, na mara nyingi mnaweza kupata ukanda wa miti uachwe, njia ya maji isizibwe, taa za ufuoni zipunguzwe, au mradi usogezwe mbali na mikoko. Haya si mambo madogo.

Andikeni kilichopo kabla hakijaguswa

Ripoti nyingi za miradi hueleza eneo kwa maneno machache, kwamba ni kichaka kisichotumika au ni ardhi iliyoharibika. Dawa ya maneno hayo ni rekodi yenu. Anzeni kwa kuchora ramani ya mkono inayoonyesha vijia, visima, makaburi, diko la wavuvi, mahali wanawake wanapookota chaza na mahali ambapo mizinga ya nyuki hutundikwa. Kisha nendeni msituni kwa zamu, saa tofauti na majira tofauti, mkiandika tarehe, saa, mahali na mlichokiona. Sentensi inayosema kwamba kima sita walionekana juu ya mkwaju ulio karibu na kisima, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya tarehe fulani, ina nguvu kuliko kurasa mbili zinazodai kwamba eneo lina wanyama wengi sana. Simu za kisasa huhifadhi tarehe na mahali pa picha, mradi huduma ya kutambua mahali imewashwa. Picha ya asili msiihariri wala msiikate, na iwekwe katika vifaa viwili tofauti.

Katika mikoko, andikeni aina za miti kwa majina tunayoyatumia wenyewe. Kenya ina aina tisa, nazo ni pamoja na mkoko wenyewe, mkandaa, mchu, mlilana, muia, mkomafi, kikandaa na msikundazi. Majina haya yana faida ya kiushahidi, kwa sababu kila mti una mahali pake: mlilana husimama upande wa bahari ambako maji hufika kila siku, ilhali mkandaa na mchu huonekana zaidi kadiri mtu anavyosogea nchi kavu. Mtu anayejua mpangilio huo anaweza kuonyesha kwa kidole maji ya bahari yanafika wapi.

Tazameni kwa makini mizizi ya mchu. Hutoka katika tope ikiwa imesimama wima, myembamba kama penseli, urefu wa kiganja hivi, kwa maelfu kuuzunguka mti, na kwa mizizi hiyo mti hupata hewa, kwa kuwa tope lenyewe halina. Udongo ukimwagwa na kuifunika, mchu husimama na majani yake kwa muda, kisha hukauka bila kuguswa na panga. Mkoko wenyewe, ambao mizizi yake hushuka kutoka kwenye shina na matawi, nao hufa ukizikwa vivyo hivyo. Kwa hiyo picha ya lori likimwaga kifusi kwenye ukingo wa mikoko ni ushahidi wa kuua msitu, hata kama hakuna mti uliokatwa. Ipigeni picha hiyo siku hiyo hiyo, muonyeshe mizizi kabla haijafunikwa yote, na mrudi mahali hapo hapo kila baada ya majuma machache. Mwaka 1988 mafuta yaliyomwagika katika hori ya Makupa yaliua mikoko ya eneo hilo. Mji huu umekwisha kuona kwamba mikoko huweza kufa ikiwa imesimama.

Alama ya maji kujaa nayo inahitaji ushahidi wake. Nendeni wakati wa bamvua, katika siku zinazofuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu, kwa kuwa hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika bandari yetu hupita mita tatu. Maji yakifika mwisho wake, yapigeni picha pamoja na kitu kisichohama, kama vile nguzo ya umeme, pembe ya ukuta au mbuyu. Fanyeni hivyo katika bamvua kadhaa, mkiwa na mvuvi mwenye umri anayeujua mwambao huo tangu utoto wake, na maelezo yake yaandikwe na kutiwa sahihi. Siku ukuta utakapojengwa ndani ya alama hiyo, hamtabishana kwa kumbukumbu ya vichwani.

Ufuoni, jambo la kuandika ni viota vya kasa. Fuo za Nyali, Bamburi na Shanzu zinapakana na eneo la bahari lililotangazwa kuwa mbuga na hifadhi mwaka 1986, na kasa hupanda mchangani usiku kutaga. Mayai hukaa chini ya mchanga takriban miezi miwili. Vifaranga vinapotoka hufuata mwanga, ambao kwa asili ni wa bahari iliyo chini ya anga la usiku. Taa kali ya hoteli huvivuta kuelekea nchi kavu, navyo hufa njiani au huliwa. Msifukue kiota wala kushika mayai, kwani kasa wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Wekeni alama ya mahali, pigeni picha ya nyayo bila kutumia taa kali, na mwarifu KWS, shirika la wanyamapori la taifa.

Kusini ya kivuko cha Likoni, hasa Diani, mnyama wa kuandikwa ni mbega, ambaye huishi juu ya miti na hukwama msitu unapokatwa vipande. Madaraja ya kamba yanayoning'inia juu ya barabara ya Diani yamewekwa kwa sababu hiyo.

Kuweni waaminifu katika orodha zenu. Si kila kitu cha kijani ni cha asili, wala si kila ndege ni wa kutetewa. Mwarobaini uliletwa kutoka Bara Hindi na sasa huota wenyewe ndani ya misitu yetu, na kunguru wanaojaa mjini nao ni wageni wanaokula mayai na makinda ya ndege wa asili. Mkiwaingiza hao katika orodha ya viumbe adimu, mtaalamu wa upande wa pili atalitaja kosa hilo moja ili kuziangusha kurasa zenu zote. Tafuteni msaada wa mwalimu wa biolojia wa shule ya karibu, au mwandikieni mtafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari iliyo hapa Mombasa.

Kundi na uongozi wake

Msitu hautetewi na mtu mmoja, na mtu mmoja ni rahisi kutishwa au kununuliwa. Wanaohitajika kwanza ni wale ambao maisha yao yamefungamana na mahali hapo: wavuvi na kamati ya usimamizi wa ufuo, ile tunayoiita BMU, wanawake wa chaza na kaa, wafuga nyuki, wazee wa mtaa, walimu. Maimamu na wachungaji wana mimbari ambazo watu huzisikiliza. Wenye hoteli na nyumba za wageni msiwasahau, kwa sababu wengi wao huuza mandhari ya miti hiyo hiyo kwa wageni wao. Andikisheni kundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022. Na kama msitu ni wa serikali, jiungeni na chama cha jamii cha misitu kinachotambuliwa na sheria ya mwaka 2016, au undeni kimoja ikiwa hakipo.

Wekeni katibu anayeandika kumbukumbu za kila mkutano na mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya watu kila mwezi. Kwa maoni yangu, kampeni nyingi za mtaani huvunjwa na fedha kabla hazijavunjwa na mwekezaji, ama kwa sababu hesabu hazikuonyeshwa, ama kwa sababu viongozi wawili walialikwa chakula hotelini na wenzao hawakuambiwa. Pitisheni azimio tangu mwanzo kwamba hakuna mwanachama atakayekutana na mwenye mradi peke yake, na kwamba kila mazungumzo yatakuwa na watu wasiopungua watatu na kuandikwa.

Usalama nao uzingatiwe bila woga wa kuzidi. Nendeni msituni wawili au zaidi, msiingie katika kiwanja kilichozungushiwa ua, na nakala za hati ziwekwe kwa mtu anayeaminika nje ya mtaa. Katika maandishi yote, shambulieni jambo na msimshambulie mtu. Kumwita afisa mla rushwa bila ushahidi ni kumpa nafasi ya kuwashtaki kwa kuharibu jina lake, na kesi ya namna hiyo itawamalizia nguvu ambazo msitu ulizihitaji.

Wakati wa leseni

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, miradi iliyotajwa katika jedwali lake haiwezi kuanza bila leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inayotanguliwa na tathmini ya athari kwa mazingira. Tangu mwaka 2019 miradi hiyo imepangwa katika madaraja ya hatari ndogo, ya kadiri na kubwa. Mradi wa hatari kubwa hufanyiwa uchunguzi kamili, na ripoti yake hutangazwa kwa umma katika Gazeti Rasmi la Serikali na magazetini ili watu watoe maoni. Miradi ya madaraja ya chini hupita kwa ripoti fupi zaidi na kwa kasi kubwa, na pengine jirani hajui lolote hadi aone mashine. Kwa sababu hiyo msingoje tangazo. Mara mnapoona wapima ardhi, iandikieni ofisi ya NEMA ya kaunti mkiuliza maswali matatu: kama kuna ombi lolote la leseni kuhusu kiwanja hicho, limewekwa katika daraja gani, na ripoti inaweza kusomwa wapi. Elezeni katika barua hiyo hiyo kwamba kundi lenu ni mdau na linataka kuarifiwa kwa maandishi.

Sheria ya upatikanaji wa habari ya mwaka 2016, inayotekeleza ibara ya 35 ya Katiba, inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi la habari. Itajeni sheria hiyo kwa jina ndani ya barua. Siku zikipita bila jibu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kila barua ipelekwe ikiwa na nakala ya pili, na msiondoke dirishani kabla nakala hiyo haijagongwa mhuri wenye tarehe. Karani akisema mhuri haupo leo, rudini kesho, na wakati huo huo itumeni kwa baruapepe.

Ripoti ikipatikana, isomeni kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba yake. Angalieni ramani ya eneo inalingana na mahali halisi au la. Angalieni kama orodha ya mimea na wanyama imetokana na kutembea msituni au imenakiliwa kutoka ripoti nyingine. Na kama siku walizofika wataalamu zilikuwa za kiangazi tupu au na za mvua pia. Maji machafu yatakwenda wapi. Na kama imetajwa njia mbadala, ikiwemo ile ya kutojenga kabisa. Mwishoni tafuteni kiambatisho cha majina ya waliohojiwa, kwa maana humo mnaweza kukuta majina ya watu wasioishi mtaani, au ya jirani aliyesaini karatasi bila kuelezwa ni ya nini.

Kisha andikeni maoni. Tangazo lenyewe husema siku ya mwisho, mara nyingi siku 30, na siku hiyo haingoji mtu. Kiswahili ni lugha rasmi kwa ibara ya 7 ya Katiba, hivyo hamna haja ya kukopa Kiingereza msichokimudu. Maoni mazuri yanaweza kuchukua sura hii:

«Sisi wakazi wa mtaa tuliotajwa hapa juu, ambao sahihi zetu zimeambatishwa, tunapinga kutolewa leseni kwa mradi huu jinsi ulivyopendekezwa. Ripoti inasema, katika ukurasa uliotajwa, kwamba eneo ni kichaka kisichotumika. Rekodi zetu za miezi mitatu, zilizoambatishwa pamoja na picha na ramani, zinaonyesha mikoko iliyo hai ndani ya mpaka wa kiwanja, pamoja na diko linalotumiwa na wavuvi kila siku. Ripoti haikueleza kifusi kitazuiwaje kufunika mizizi ya mikoko wakati wa ujenzi. Aidha, hakuna mkutano wa wakazi uliofanyika baada ya ripoti kukamilika. Tunaomba leseni ikataliwe. Na ikiwa haitakataliwa, tunaomba kikao cha hadhara kifanyike mtaani kwetu, na mradi urudishwe nyuma ya alama ya maji kujaa.»

Kila dai lifuatwe na ushahidi, na mwishoni muombe jambo lililo wazi. Mia moja wakitia sahihi katika barua moja yenye hoja ni vizuri. Ishirini wakiandika barua zao wenyewe, kila mmoja akieleza anavyoutumia msitu huo, ni vizuri zaidi.

Mwekezaji atasema kwamba atapanda miti. Mjibuni kwa heshima na kwa undani. Machimbo ya Bamburi, ambayo René Haller alianza kuyapanda mvinje mwaka 1971 na ambayo leo ni bustani inayopendwa na wengi, ni kazi ya kusifiwa. Lakini kazi ile ilianza kwenye mwamba mtupu na ilihitaji miongo mingi. Haiwezi kuwa hoja ya kukata kichaka chenye mbambakofi na mvule ili kupanda mvinje na minazi. Hata miche ya mikoko, ikipandwa kwenye tope lisilo mahali pake, hufa kwa wingi. Muulizeni ataipanda wapi, ya aina gani, itatunzwa na nani na kwa miaka mingapi, na majibu yaandikwe yawe masharti ya leseni.

Baraza na karatasi ya mahudhurio

Mkihudhuria baraza la mradi, jueni kwamba karatasi ya mahudhurio inaweza kuambatishwa kwenye ripoti kama uthibitisho kwamba wananchi walishirikishwa, na msomaji wa ofisini akaichukulia kuwa ni kuridhia. Mtu aliyepewa soda na nauli ya bodaboda hutia sahihi bila kutazama kichwa cha karatasi. Fundishaneni mapema kusoma kichwa hicho, na kuandika kando ya jina maneno «nimehudhuria, siungi mkono». Karatasi ipigwe picha ikiwa imejaa. Katibu wenu aandike kumbukumbu zake mwenyewe: nani aliongea, aliuliza nini, alijibiwa nini, lugha gani ilitumika, na kama ripoti ilikuwepo mezani. Kumbukumbu hizo zipelekwe NEMA ndani ya juma hilo.

Mfano wa Lamu unaonyesha uzito wa jambo hili. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira, NET, lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa huko, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa ushirikishwaji wa umma. Mikutano iliyotajwa ilikuwa ya utangulizi, iliyofanyika kabla ya uchunguzi kukamilika, kwa hiyo watu hawakuwa wamepewa nafasi ya kuijadili ripoti yenyewe. Waliokata rufaa walikuwa wakazi, chini ya muungano wa Save Lamu. Walishinda kwa kuonyesha ni mkutano gani ulifanyika lini na nini hakikusemwa ndani yake.

Kaunti, redio na maandamano

Ruhusa ya ujenzi ni jambo jingine, tofauti na leseni ya NEMA, nayo hutolewa na serikali ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019. Pingamizi lipelekwe huko pia, na haraka, kwa kuwa muda wa maoni ni mfupi. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Mtafuteni mwakilishi wa wadi mkiwa na ramani mkononi, na mumpe ukurasa mmoja tu.

Redio za hapa kama Pwani FM na Baraka FM hufika kwenye vibanda, matatu na majiko ambako gazeti halifiki. Apelekwe huko mtu anayeujua msitu, akaeleze kwa lugha ya kawaida, si msemaji hodari asiyewahi kukanyaga tope. Maandamano yanalindwa na ibara ya 37. Sheria inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa ya maandishi si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku 14 kabla. Hiyo ni taarifa, si maombi ya kibali. Mimi ningeyaweka maandamano karibu na siku ya kikao au siku ya mwisho ya maoni, wakati ambapo kuna ofisi yenye uamuzi wa kufanya.

Rufaa na mahakama

Leseni ikitolewa, rufaa hupelekwa NET ndani ya siku 60. Msizihesabu siku hizo tangu mliposikia habari; zihesabuni tangu tarehe iliyoandikwa kwenye leseni, ili msiingie katika mabishano ya muda. Pamoja na rufaa, ombeni amri ya kusimamisha kazi, kwa sababu ushindi unaokuja baada ya miti kuanguka hauirudishi.

Njia nyingine ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo chake Mombasa. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 inamruhusu mtu yeyote kuishtakia haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara au madhara. Kwa kesi ya kutetea msitu hilo ni jambo kubwa, maana kima na chaza hawana wakili.

Andaeni watu wenu kwa safari ndefu. Wakazi wa Owino Uhuru, waliodhuriwa na sumu ya madini ya risasi hapa hapa Mombasa na kutetewa na Phyllis Omido, walipeleka ombi lao mahakamani mwaka 2016. Walishinda Julai 2020 kwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, fidia hiyo ikafutwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kesi ile haikuhusu msitu, lakini inaonyesha kwamba wakazi wa mtaa wa kawaida wanaweza kufika hadi juu kabisa, na kwamba vipimo na hati zilizotunzwa miaka yote hiyo ndizo zilizowafikisha.

Baada ya uamuzi

Leseni ikithibitishwa, kazi yenu inakuwa ni kusimamia masharti yake. Ombeni nakala, yaandikeni masharti kwa lugha nyepesi kwenye ubao wa mtaa, na kila ukiukaji upelekwe NEMA ukiwa na picha na tarehe. NEMA isipojibu, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 imeunda kamati ya kitaifa ya malalamiko ya mazingira inayopokea malalamiko hata dhidi ya NEMA yenyewe.

Leseni ikikataliwa, msijisahau. Mwekezaji anaweza kurudi na jina jipya na mchoro mpya, na kiwanja ambacho ramani ya kaunti inakionyesha kuwa cha makazi kitazua mgogoro ule ule baada ya miaka michache. Tumieni utulivu huo kupeleka ramani yenu na rekodi za viumbe kwa idara ya mipango ya kaunti, mkiomba mahali hapo pawekwe kuwa hifadhi katika mpango wa matumizi ya ardhi na katika mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano. Mpango wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na utakaoufuata ni lazima upitie vikao vya wananchi katika wadi. Ombeni rasimu yake mara itakapotoka, muutafute msitu wenu kwenye ramani, na kabla hamjatoa maoni kikaoni mwone umepakwa rangi ya hifadhi au ya majengo.